Eko ya binti yangu imetoka safi ila feritini 4,800, sasa kwanini daktari bado anahangaika na moyo?

Mama_Uyole

Habari zenu humu jamani. Naomba msaada wa kueleweshwa maana nimetoka kliniki juzi kichwa kinaniuma, foleni ilikuwa ndefu na daktari mwenyewe alishachoka, sikupata nafasi ya kuuliza vizuri.

Nina binti wa miaka 9 ana thalasemia, ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kutengeneza damu vizuri, ile aina kali ya beta kubwa. Najua huku kwetu Mbeya ukisema mtoto ana ugonjwa wa damu wote wanajibu sikoseli, hata sisi tuliambiwa hivyo hivyo mwanzoni. Baba yake kwao Unguja, na mimi bibi mzaa mama alikuwa na asili ya Kihindi, wazee wao walikuja zamani kufungua duka Tukuyu, kumbe kila mmoja wetu alikuwa amebeba kitu chake bila kujua. Mtoto alianza kupauka akiwa na miezi 8, tumbo likajaa upande wa kushoto, tukazunguka zahanati hii na ile akapewa dawa za minyoo, za malaria, na vidonge vya kuongeza damu. Vidonge vya chuma! Leo nikikumbuka sijui nicheke au nilie. Mpaka kilipofanyika kile kipimo cha kutenganisha himoglobini Dar ndo tukajua.

Tangu ana mwaka na nusu anaongezewa damu kila wiki ya nne. Dawa za kutoa chuma alianza na miaka 5, kwanza ile ya kuchoma chini ya ngozi usiku, baadae vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Kuna miezi dawa haikuwepo, kuna miezi hela haikuwepo, na kuna miezi, ngoja niseme ukweli tu maana hapa hamnijui, dawa ilikuwepo kabatini lakini mtoto analia tumbo linamuuma, anatapika, na mimi namwonea huruma namwachia.

Sasa juzi feritini, kile kipimo cha damu cha kukadiria chuma kilichojaa mwilini, imetoka 4,800. Tukafanya eko ya moyo, ile ultrasound, yule anayepima akaniambia mama moyo wa mtoto uko vizuri, unasukuma asilimia 64 ya damu iliyomo kila ukidunda. Nikashukuru Mungu nikampigia baba yake simu palepale kwenye korido. Narudi kwa daktari anaangalia karatasi anasema eko ni nzuri ila hainitoshi, nataka MRI ya moyo, nendeni Dar. Jamani Dar! Nauli, kulala, kipimo chenyewe, na bima yetu hiyo sina uhakika nayo.

Kama moyo uko vizuri, MRI ya nini? Na hivi chuma kinafikaje kwenye moyo, si kinakaa kwenye damu? Mwenye uzoefu naomba anisaidie, na msinitukane kwa hilo la kumwachia dawa, najitukana mwenyewe inatosha.

---

Mwanjelwa_Mchangamfu

Pole mama. Mpe juisi ya rosela na bitiruti asubuhi na jioni, na tembele kwa wingi, damu itapanda yenyewe hata hiyo kuongezewa kila mwezi ataacha. Mdogo wangu alikuwa na damu 6 ikapanda ndani ya wiki mbili. Hospitali wanapenda kutuzungusha tu.

---

Sista_Ipogolo

Kamwene wote. Kaka Mchangamfu najua una nia njema ila mdogo wako alipungukiwa chuma, huyu mtoto chuma kimemzidi. Ni magonjwa mawili tofauti kabisa ingawa karatasi ya maabara inaweza kuonyesha himoglobini 6 kwa wote wawili. Mmoja hana matofali, mwenzake matofali yamejaa mpaka barabarani ila fundi hajui kujenga. Ukimwongezea huyu wa pili matofali unamziba njia.

Dada, mimi ni nesi, niko wodi ya watoto Iringa mwaka wa 11 sasa, wengi wa damu tunaowaona ni sikoseli lakini wa thalasemia nimewahudumia wachache, nakuelewa.

Ukiuliza chuma kinafikaje kwenye moyo anza na mfuko wa damu. Mfuko mmoja una chuma kama miligramu 200 mpaka 250, kwa sababu himoglobini yenyewe imejengwa kwa chuma. Chembe zile za kuongezewa zikizeeka mwili unazivunja, chuma kinabaki. Sasa mwili wa binadamu Mungu aliuumba kwa ajili ya kutunza chuma, hakuumba mlango wa kukitoa. Tunapoteza kama miligramu 1 kwa siku basi, kwa ngozi inayobanduka na utumbo. Fanya hesabu, wiki nne nne ni mara 13 kwa mwaka, mara 200 na ushee, inakuwa zaidi ya gramu mbili na nusu kila mwaka zinazoingia kwa mtoto. Mtu mzima mwenye afya yake mwili mzima una gramu 3 mpaka 4 tu. Ni tanki lisilo na koki, unajaza tu.

Mwanzoni kinawekwa kwenye ini, kule ndo stoo. Na kwenye damu chuma hakitembei peke yake, kinabebwa na protini, we zichukulie ni malori. Umewahi kupita Tunduma siku foleni imechacha? Malori yote yamejaa, hakuna linaloshusha, mzigo unaendelea kuja. Mwisho mzigo unamwagwa pembeni ya barabara. Chuma hicho kilichokosa lori ndo kibaya, kinazurura kwenye damu, na chembe za misuli ya moyo zina vijimlango vya kupitishia kalsiamu maana moyo kila ukidunda unahitaji kalsiamu, basi hicho chuma kinajipenyeza humohumo. Kikishaingia ndani kinababua, ni kutu kabisa. Tezi zinazotoa homoni nazo zinaingiliwa, ndo maana unaona wengine wanachelewa kukua au wanapata kisukari.

Hizo dawa ndo koki. Koki ikifungwa miezi mitatu tanki halisubiri.

Na sijakutukana. Mama anayesema ukweli kuhusu dozi zilizorukwa ananisaidia kuliko yule anayeniambia sista anakunywa zote halafu feritini inamsuta.

---

Mwanjelwa_Mchangamfu

Sawa sista nimeelewa, samahani mama. Ya Tunduma imeniingia.

---

Kaka_Makambako

Mama mimi naandika hii nikiwa sina raha ila nadhani unahitaji kuisikia. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na ugonjwa huuhuu. Alifanya eko akiwa na miaka 15, ikatoka nzuri, tukaambiwa nzuri, nyumbani ikawa sherehe, mama akachinja kuku. Kwa akili zetu moyo mzuri maana yake chuma hakijafika kwa hiyo ile pampu ya usiku ya dawa ya kutoa chuma tukailegeza, alikuwa kidato cha pili bweni na hakutaka wenzie wamwone na mirija, sisi tukasema mwacheni apumzike kidogo. Hakuna aliyetuambia tofauti na sisi hatukuuliza. Alipofika 17 akaanza kusema moyo unaruka ruka, tukasema ni mitihani. Halafu akawa hapandi ule mlima wa kwetu bila kusimama mara tatu, mtu aliyekuwa anaukimbia. Mguu ukavimba, tukampeleka, siku ya nne hatukuwa naye.

Kwa hiyo daktari akisema eko haimtoshi usimwone mkorofi. Natamani na sisi tungepata mkorofi mmoja.

---

Sista_Ipogolo

Pole sana kaka yangu. Mungu ampumzishe.

---

Dokta_Nyanda

Nimechelewa kuiona hii. Pole Kaka Makambako. Mama Uyole, naomba unisome mpaka mwisho, nitaandika kwa kirefu maana swali lako ndo lile tunalopaswa kulijibu kliniki na hatulijibu kwa sababu nje kuna watu 60.

Eko inatazama KAZI ya moyo. Inaona kuta zinavyosogea, milango inavyofunguka, kiasi gani cha damu kinasukumwa. Haioni chuma, haina uwezo huo hata mpimaji awe bingwa wa nchi. Na moyo ni mvumilivu sana, unaweza kubeba chuma miaka na miaka huku unasukuma asilimia 60 na kitu kama kawaida, halafu ukishuka unashuka haraka, ndani ya miezi. Kwa hiyo yule aliyekupimia hakukudanganya, alijibu swali lake. Swali la daktari wako ni lingine.

Alafu kuna kitu kinawapita hata baadhi yetu. Mtoto mwenye damu pungufu muda wote moyo wake unafanya kazi kuliko wa mtoto mwingine, unapanuka kidogo na unasukuma kwa nguvu zaidi kufidia. Kwa hiyo asilimia 56 ambayo kwa jirani ni sawa tu, kwa binti yako inaweza kuwa tayari ni kushuka. 64 ni nzuri, sikutishi, ila usiifananishe na ya mtoto wa jirani, ifananishe na yake ya mwaka jana. Tunza karatasi zote kwenye faili moja. Na umwombe anayepima aangalie pia moyo unavyolegea kupokea damu, siyo kusukuma tu, maana mara nyingi kulegea ndo kunaanza kuharibika.

Feritini nayo ina mambo yake. Inapanda mtoto akiwa na malaria, nimonia, homa yoyote ya siku hizo, ini likiwa na shida nayo inapanda. Ndo maana kipimo kimoja hakisemi kitu, tunaangalia mwendo wa mwaka mzima. Lengo ni chini ya 1,000. Ikikaa juu ya 2,500 muda mrefu hatari ya moyo inaongezeka, hilo linajulikana tangu miaka ya 90. Lakini nimeona pia mtu feritini 1,800 moyo umejaa, na mwingine 5,000 moyo mweupe, chuma chote kimekaa kwenye ini. Ini na moyo haviendi pamoja, ini linajaa kwanza na linasafishika kwanza, moyo unachelewa kujaa na unachelewa zaidi kusafishika, ni suala la miaka siyo wiki.

Sasa MRI. Chuma ni kitu cha sumaku na ile mashine ni sumaku kubwa, chuma kikiwepo kwenye msuli picha inafifia haraka. Wanapima inafifia kwa muda gani, wanaita T2 nyota, kwa milisekunde. Njia hii kwa moyo ilitoka London mwaka 2001. Juu ya 20 hakuna chuma cha kutisha, 10 mpaka 20 chuma kipo na dawa inabidi iongezwe nguvu, chini ya 10 ni taa nyekundu. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2009 uliofuata wagonjwa zaidi ya 600, karibu wote waliopata moyo kushindwa, asilimia 98, walikuwa chini ya 10. Yaani kipimo kinakwambia KABLA. Kabla ya kipimo hiki moyo ndo ulikuwa unaua wagonjwa wengi wa thalasemia kuliko kitu kingine chochote, na kule walikoanza kukitumia pamoja na dawa vifo hivyo vimepungua sana.

Kawaida tunaanza kupima mtoto akifika miaka 8 mpaka 10, ila kama dawa zilikuwa za kusuasua hatusubiri. Kwa hiyo daktari wako hajakurupuka.

Kabla hujakata tiketi ya basi PIGA SIMU. Siyo kila penye MRI wanapima T2 nyota, mashine lazima iwe na programu yake na awepo mtu anayejua kuisoma. Mwambie daktari aulize kwanza kwa barua au simu, apange siku, na waombe wapime ini na moyo kwa mkupuo mmoja. Usifike Dar ukaambiwa njoo Alhamisi ijayo. Haihitaji sindano ya dawa ya rangi. Inahitaji mtoto alale bila kujitikisa na abane pumzi sekunde kama 10 hadi 15, mara kadhaa. Mfundishe nyumbani kuanzia leo, mfanye mchezo, we hesabu yeye abane. Mashine inapiga kelele kama mtu anagonga bati, mwambie mapema.

Wakati unasubiri safari mwambie daktari acheki kalsiamu, vitamini D na tezi ya shingo. Kalsiamu ikishuka inaudhoofisha moyo na mtu anadhani ni chuma peke yake. Na himoglobini kabla ya kuongezewa isiwe chini ya 9.5, nasema hivyo nikijua kabisa kuna siku damu hakuna. Lakini kuna wazazi wakishaogopa chuma wanaanza kuchelewesha damu makusudi, usifanye. Damu pungufu nayo inauchosha moyo uleule. Tunapunguza chuma kwa dawa, hatupunguzi kwa kumnyima mtoto damu.

Ukiona anachoka kwenye michezo aliyokuwa anaimudu, anaomba mito miwili kulala, miguu imevimba, tumbo la kulia chini ya mbavu linauma, moyo unadunda bila mpangilio, au amezimia hata sekunde chache, usisubiri kliniki. Nenda siku hiyohiyo na useme mlangoni kabisa huyu ni mtoto wa thalasemia anayeongezewa damu, msimpe damu ya haraka wala dripu nyingi mpaka moyo uangaliwe. Hata akifika katika hali hiyo haijaisha, ile dawa ya kuchoma ikipitishwa kwenye mshipa saa 24 mfululizo imewahi kurudisha mioyo ambayo tulishaikatia tamaa.

---

Chai_ya_Rungwe

Dokta nashukuru, naomba kudandia. Mwanangu ana sikoseli, alipata kiharusi kidogo mwaka juzi sasa na yeye anaongezewa damu kila mwezi. Haya mambo ya chuma kwenye moyo na yeye yanamhusu? Na kuna mzee kaniambia chai nyeusi inazuia chuma, huku kwetu chai ndo maji ya kunywa, tunaishi katikati ya mashamba.

---

Dokta_Nyanda

Yanamhusu, chuma cha mfuko ni kilekile. Ila kwa sikoseli moyo unaingiliwa mara chache zaidi kuliko thalasemia, ini ndo linaumia sana. Feritini lazima apimwe, na akishaongezewa mara 10 hadi 20 kliniki wanapaswa kuwa wameshakuzungumzia dawa ya kutoa chuma, wasipoongea anza wewe.

Chai nyeusi ukinywa pamoja na chakula kweli inapunguza chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula, mzee hajakosea. Inasaidia zaidi wale wa thalasemia ambao hawaongezewi damu, maana utumbo wao unafyonza chuma kupita kiasi. Kwa anayeongezewa kila mwezi chai ni tone baharini. Anywe, raha yake. Maharage asinyimwe, nyama asinyimwe, mtoto ale. Kinachokatazwa ni vidonge na sirapu za chuma, na vitamini C ya vidonge kujiamulia mwenyewe, hiyo inaweza kukitoa chuma stoo kikaukimbilia moyo. Machungwa ya kula hayana neno.

---

Mama_Uyole

Nimesoma zote mara mbili, ya Kaka Makambako nimeisoma nikashindwa kuendelea nikatoka nje kwanza. Pole kaka, na asante kwa kuiandika.

Nimeelewa sasa, mimi nilikuwa nadhani eko ndo jibu la mwisho. Kesho nampigia daktari aulize Dar kwanza. Sista naomba hilo la dawa, anatumia vile vya kuyeyusha, tumbo linamuuma na anaharisha, nifanyeje? Maana nikimlazimisha tunaanza siku kwa vita na ana shule saa moja na nusu.

---

Sista_Ipogolo

Dada kwanza hivyo vya kuyeyusha vinanywewa tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula, kwenye glasi ya maji au juisi ya chungwa, unakoroga mpaka viishe, ukimaliza unaongeza maji kidogo unasuuza glasi anakunywa na hayo mabaki, usiviponde kavu wala asivitafune. Kama asubuhi ni vita hamisheni jioni, muhimu ni saa ileile kila siku. Wengi tumbo linatulia wakihamisha muda. Vipo pia vya kumeza vyenye ganda, hivyo vinaruhusu chakula chepesi na vinasumbua tumbo kidogo zaidi kuliko vya kuyeyusha, namaanisha usumbufu unapungua, ila dozi yake siyo sawa na ya kuyeyusha, namba za miligramu ni ndogo zaidi, usibadilishe mwenyewe kwa kuhesabu vidonge. Siku anayoharisha sana au kutapika sana simamisha umpigie daktari, maana dawa hiyo na upungufu wa maji vinaumiza figo. Ndo maana figo na ini vinapimwa kila mwezi.

Jingine, mpe kazi mtoto. Ana miaka 9, anajua kusoma. Mchoreeni kalenda ukutani aweke alama mwenyewe. Mimi nina mmoja huku anamkumbusha mama yake, siyo mama kumkumbusha yeye.

---

Mama_Uyole

*(baada ya miezi mitatu hivi)*

Habari za siku nyingi. Nimeona niwarudie maana mlinihangaikia.

Tulienda Dar. Daktari aliulizia kwanza kama dokta alivyosema na kweli sehemu ya kwanza tuliyokuwa tumefikiria hawapimi hicho cha moyo, ningefika ningerudi na picha ya bure. Tulipanda basi la alfajiri, Kitonga mtoto akatapika, nikasema haya tumeanza. Mazoezi ya kubana pumzi tulifanya wiki mbili nyumbani na mdogo wake naye akawa anashindana, siku ya kipimo akabana mpaka yule wa mashine akamwambia we binti wewe pumua basi. Kabla ya kuingia aliniuliza kwa sauti mbele ya watu, mama kama ni sumaku kubwa si inivute chuma chote kitoke tuende nyumbani? Watu wakacheka, mimi nikashindwa kucheka.

Majibu, moyo T2 nyota 13. Ini limejaa sana. Eko waliyorudia huko asilimia 63. Kwa hiyo kile nilichokuwa nashangilia kwenye korido na hiki cha 13 vilikuwa vinakaa kwenye moyo mmoja siku moja. Daktari wa Dar alisema tumewahi, akasema mwaka mmoja au miwili ya kuendelea vile tungekuwa tunaongea mengine. Kalsiamu ilikuwa sawa, vitamini D chini, amepewa.

Wamembadilishia dawa. Sasa ni deferiproni mara tatu kwa siku na ile ya kuchoma chini ya ngozi usiku siku 5 kwa wiki, inaingia kwa muda wa masaa 10 kila usiku. Wamesema deferiproni inaingia vizuri kwenye moyo ila inaweza kushusha chembe nyeupe, kwa hiyo FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, kila wiki, na akipata homa tu nasimamisha dawa nakimbia maabara siku hiyohiyo, nimeandika kwa maka nyekundu kwenye friji na shuleni mwalimu anajua. Mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa mpaka mwekundu, mara ya kwanza nilipiga kelele, kumbe ndo chuma kinatoka. Sasa hivi akienda chooni anarudi anatoa ripoti, mama leo kimetoka kingi.

Kalenda ipo ukutani. Mwezi huu ameruka usiku mmoja tu, siku ya harusi ya mama yake mdogo, na alama hiyo ameiweka mwenyewe.

---

Kaka_Makambako

13. Nimefurahi sana mama. Nimewasomea nyumbani, mama yangu kasema msalimie binti.

---

Dokta_Nyanda

Safi. MRI irudiwe baada ya mwaka, usikate tamaa ikisogea kutoka 13 kwenda 15 tu, moyo ndo mwendo wake huo. Sehemu ya kuchoma badilisheni kila usiku, tumbo, paja, mkono, pasije pakawa na vinundu.

---

Mama_Uyole

Vinundu vimeshaanza dokta, nilidhani nakosea mimi. Na hapohapo naomba kuuliza, zile sindano za kipepeo nyembamba kabisa, namba 27, nilizotoka nazo Dar zimebaki nne. Pale mjini nimezunguka maduka ya dawa matatu wana 23 tu, zile nene zaidi, na 23 analia. Kuna mtu wa Mbeya au Iringa anajua zinapatikana wapi?

---

Chai_ya_Rungwe

Mama nakuja Mbeya Jumamosi, mwanangu ana kliniki. Sisi tulipewa boksi la 27 na hatukulitumia, yeye anatumia vidonge. Sijui kama bado hazijaisha muda, ngoja niangalie nikwambie jioni.